Barua ya wazi kwa wabunge, madiwani na wakurugenzi wetu wa Nyanda za Juu Kusini: msitutafutie mchawi mtaani kwetu

YAH: LAWAMA ZA UGUMU WA MAISHA NA HUDUMA KUZIDIWA KUPELEKWA KWA WALENGWA WA TASAF, WAZEE, VIJANA NA WAGENI

Waheshimiwa,

Shikamooni wote mlio wakubwa kwangu, na wengine poleni na majukumu. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa viazi hapa Uyole, nanunua Isyonje na Umalila nawauzia wenye fuso wanaopeleka Dar, na ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama. Haya ninayoyasema tuliyaandika kwanza kistaarabu kwenye barua, tukaipeleka ofisi inayohusika, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, tukaambiwa tutapigiwa simu, hatukupigiwa, tukafuatilia, mara mhusika yuko safari mara yuko semina, mwisho tukaambiwa barua haionekani tuandike nyingine. Nakala yetu tunayo na muhuri unasomeka. Ndo maana leo naiweka hadharani.

Kilichonifanya nisikae tena kimya ni mkutano wa mtaa. Kiongozi mmoja, simtaji kwa sababu hayuko peke yake kwa maneno hayo, alisimama akasema maisha yamekuwa magumu na zahanati zimezidiwa kwa sababu watu wamezoea vya bure, walengwa wa TASAF hela wanamalizia kwenye ulanzi, wazee wa msamaha wa matibabu wanajaza hospitali, vijana wanashinda kwenye mikeka ya kubeti, na wageni wameingia wengi. Watu wakapiga makofi. Na waliokuwa wanasemwa walikuwemo humo humo mkutanoni, wengine ni mama zetu waliotulea, na hakuna aliyewapa nafasi ya kujibu. Basi najibu mimi, hoja moja moja.

1. Walengwa wa TASAF

TASAF, yani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ipo tangu 2000 na huu mpango wa kunusuru kaya maskini ulianza 2012, kipindi cha pili kikazinduliwa Februari 2020. Mlengwa hajichagui mwenyewe. Jina linaibuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa mbele za watu, halafu anapita mwenye dodoso anauliza nyumba ya nyasi au ya bati, mnakula mara ngapi, halafu ndo mfumo unaamua. Akishaingia ana masharti, mtoto akikosa kliniki au shule hela inakatwa. Sasa mtu wa namna hiyo ndo amefilisi nchi? NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, mwaka 2024 walinunua mahindi kwa Sh 700 kwa kilo, yani gunia la kilo mia ni Sh 70,000. Jirani yangu ni mlengwa, anachopata ukikigawa kwa mwezi hakifikii gunia hilo moja, na ana wajukuu anawalea peke yake. Kama kuna jina limeingia kwa undugu na mwenyekiti, na yapo, basi shughulikeni na aliyeliingiza, maana mnamjua kuliko sisi.

Alafu tukumbushane, sehemu kubwa ya fedha za mpango huu ni mikopo, ikiwemo ya Benki ya Dunia, na mkopo unalipwa na sisi wote pamoja na huyo bibi anaponunua sabuni na chumvi. Kwa hiyo asisimangwe kama vile anakula kwenye mfuko wa mtu.

2. Wazee na wastaafu

Hapa naomba mnivumilie maana ndo penye uzito.

Tunaambiwa mifuko ya pensheni imeelemewa kwa sababu wastaafu ni wengi na wanaishi muda mrefu. Mimi nimelelewa na mwalimu mstaafu na nimefuatilia hili jambo muda. PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ilianza kupokea michango 1999. Kabla ya hapo mtumishi wa umma alikuwa hachangii, pensheni yake ilikuwa inatoka hazina, na mfuko ulipoanzishwa serikali ikaahidi itabeba ile miaka ya nyuma. Wakaanza kustaafu watu wenye miaka mingi ya kabla ya 1999, mfuko ukawa unawalipa, ile hela ya serikali haiji kama ilivyoahidiwa. Miaka ikapita deni likavimba. Mwaka 2018 mifuko minne PPF, PSPF, LAPF na GEPF ikaunganishwa ikawa PSSSF, ikarithi na shimo lake. Deni la kabla ya 1999 lilifika trilioni 4.6, na mwisho wa 2021 serikali ikatoa hati fungani isiyo taslimu ya trilioni 2.17. Yani zaidi ya miaka 20 baadae ndo imelipwa chini ya nusu, tena kwa karatasi ya kuahidi.

Sasa aliyekuja kubeba huo mzigo ni nani? Mwalimu. Mwaka huo huo wa 2018 ikaja kanuni ya kumpa mstaafu asilimia 25 ya mafao yake kwa mkupuo wakati wengi walizoea 50, kelele zikawa kubwa, Desemba 2018 Rais Magufuli akaisimamisha. Julai 2022 ikaja ya asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa wale waliokuwa kwenye 50. Tunashukuru kwa kilichoongezwa. Lakini mtu kasahihisha madaftari miaka 35, alipanga kwa ile hela amalizie nyumba na asomeshe mdogo wake wa mwisho, anafika mwisho anaambiwa kikokotoo, yani hesabu ya mafao, kimebadilika kwa sababu ninyi mnaishi sana. Hilo neno ni baya kumwambia mzazi. Semeni kilichopo, kwamba mfuko haukupewa fedha yake kwa wakati, na kwamba hela za wanachama zilipelekwa pia kwenye miradi mikubwa kama majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma na marejesho yakawa ya kusuasua, mambo ambayo CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ameyaandika kwenye ripoti zake na ninyi wabunge mmeyasoma.

3. Hospitali na zahanati

Sera inasema mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5 na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila kulipa. Hiyo sera ni nzuri na hatutaki iguswe. Ila ukienda na mzee pale dirishani unapata kuandikiwa bure, dawa unaambiwa hakuna, nenda duka la nje. Kwa nini? Kwa sababu mlipotoa agizo la msamaha hamkuweka fungu la kumfidia mganga mfawidhi kwa wale anaowahudumia bure. Anategemea malipo ya papo kwa papo na CHF, ile bima ya jamii iliyokuwa Sh 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka mzima. Akimhudumia mzee leo, kesho hana cha kuagizia dawa MSD, yani bohari ya dawa. Ndo hapo nesi anaanza kumwona mzee kama mzigo, na mzee anamwona nesi ana roho mbaya, wakati wote wawili wametegeshewa na bajeti.

Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, hivyo hivyo. Ilikuwa Sh 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, wazazi wa hali ya chini tuliweza kujikongoja. Machi 2023 ikasitishwa, sababu ikatolewa kwamba wazazi wanakatia watoto wanaoumwa tu, mfuko unapata hasara. Mzazi kumkatia bima mtoto anayeumwa ni kosa? Bima ya hiari popote pale ndo tabia yake, anayekimbilia ni mwenye uhitaji, na walioiandaa walipaswa kulijua hilo kabla hawajaitangaza. Bunge limepitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023, vizuri, ila mtoto aliyekuwa kwenye sindano mwezi ule wa tatu hakuweza kusubiri sheria.

Na kuna hili la UKIMWI ambalo kwa kanda yetu siwezi kuliruka. Utafiti wa 2022/23 ulionyesha Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, vijana wetu waliokuwa wanafuatilia wagonjwa majumbani wakarudishwa makwao, na kila mtu akawa anamlaumu Trump. Mlaumuni mkitaka. Lakini mpango wao wa kusaidia mapambano ya UKIMWI, PEPFAR, ulianza 2003, na miaka miwili kabla yake viongozi wa Afrika walikuwa wameshaahidi Abuja kwamba asilimia 15 ya bajeti itakwenda afya. Hatujafika huko mpaka leo. Miaka yote hiyo tulikuwa tunajua kwamba dawa zinazowaweka hai ndugu zetu Makete, Mufindi na Makambako zinategemea hela ya mtu wa mbali ambaye siku akibadilisha mawazo hatuna la kumfanya.

4. Mkulima anayeitwa mvivu

Nasikia sana hili, kwamba watu wa huku ardhi wanayo mvua wanayo, umaskini ni uvivu. Njooni Isyonje saa kumi na moja alfajiri mwezi wa sita, baridi inakata vidole, muone akina mama wanavyochimba viazi wana watoto mgongoni, halafu mrudie hilo neno.

Mkulima wa viazi anauza kwa lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, ila mnunuzi anakuja na gunia lake limeshonwa kilemba juu, linabeba 120, 130, hata zaidi, bei ni ya gunia moja, ukikataa anakwambia anaenda kwa mwenzio na viazi vyako vinaoza. Kila mwaka anakuja kiongozi anapiga marufuku lumbesa mbele ya kamera, akiondoka zinapakiwa kwenye fuso mchana kweupe. Na halmashauri mnapoteza pia, maana mnapotoza kwa gunia hilo la kilo 130 linahesabiwa moja. Mtu anaibiwa robo ya jasho lake kila msimu halafu anaitwa mvivu. Kwa kweli inauma.

Ushuru nao. Tangu 2017 ilisemwa wazi kwamba mazao yasiyofika tani moja yasitozwe ushuru yakisafirishwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Nimepita geti na gunia chache kwenye kirikuu nikatozwa, nikasema sheria, nikajibiwa mama kama una haraka lipa upite. Nililipa kwa sababu viazi vilikuwa juani.

Na maamuzi ya juu. Juni 2017 mahindi yalizuiwa kwenda nje, huku kwetu, Songwe, Rukwa na Ruvuma bei ikaanguka watu wakashindwa hata kurudisha hela ya mbolea, NFRA haikuwa na uwezo wa kununua yote. Aprili 2025 ikawa zamu ya Malawi, wao walikuwa wamezuia mazao yetu na sisi tukajibu kwa kuzuia ya kwao, baada ya muda mfupi wakubwa wakakaa mezani wakayamaliza. Wakubwa waliyamaliza, ila aliyekuwa amejaza ndizi za Rungwe na tangawizi akakwama njia ya Kasumulu hakuna aliyemlipa. Mtaji ukikatika hivyo familia inarudi nyuma miaka, na mwakani mnamkuta kwenye foleni ya TASAF mnamshangaa.

5. Vijana

Ni kweli wanabeti, mimi mwenyewe wanangu nawagombeza. Lakini leseni za hiyo michezo zinatolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyo chini ya Wizara ya Fedha, na kodi yake inapokelewa kila mwaka. Huwezi kupokea kodi ya mkeka halafu ukamtukana aliyeukata.

Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, yani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, uliwekwa kwenye sheria 2018. CAG akakuta vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, Aprili 2023 ikasimamishwa yote nchi nzima mpaka 2024. Vikundi hewa vilisajiliwa na nani? Kikundi kinapita kwa mtendaji, kwa afisa maendeleo ya jamii, kwa kamati. Sisi wa kikundi halisi tulikaa tunasubiri, na wakati tunasubiri wenzetu wakaenda kwenye mikopo ya mitaani ya riba kubwa, kausha damu. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi, nendeni Kabwe na Mwanjelwa muulize mama ntilie analipa riba kiasi gani kwa wiki, muulize na kitanda chake kiko wapi.

6. Wageni

Hili fupi. Wahabeshi wanaokamatwa njia ya Tunduma na Kasumulu wanapita kwenda Afrika Kusini, hawana kibanda sokoni wala kadi ya zahanati. Wamalawi ni wateja wetu, na Aprili 2025 tuliona soko linavyokuwa wasipokuja. Julai 2025 imetoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15 ndogo ndogo, sawa, sheria ya nchi ifuatwe, ila baada ya amri ile kodi ya fremu haijashuka na dawa hazijarudi zahanati.

Najua majibu yatakayokuja, niyaseme kabla.

Mtasema vita ya Ukraine na Uviko. Ni kweli mbolea ilipaa, mfuko wa DAP ukapita laki moja, na Agosti 8, 2022 Rais Samia alizindua ruzuku hapa hapa kwetu viwanja vya John Mwakangale, DAP na urea zikawa Sh 70,000, tukashukuru na mpaka leo tunashukuru. Ila tozo ya miamala ilianza Julai 15, 2021, miezi saba kabla ya vita hiyo. Shilingi 100 kwa lita ya mafuta iliongezwa mwaka huo huo, na nyingine 100 mwaka 2023. Hizo zilipitishwa Dodoma, mkazipigia kura, na zote zinaishia kwenye nauli na kwenye bei ya debe la viazi.

Mtasema hela hakuna. Juni 2022 Waziri wa Fedha alisema bungeni kwamba magari ya serikali, mafuta na matengenezo yake yanakula zaidi ya bilioni 500 kwa mwaka, na akasema utaratibu utabadilika. Tuambieni umebadilika kiasi gani na kilichookolewa kilikwenda wapi.

Mtasema hii barua ni ya siasa. Mimi sina kadi ya kugombea chochote, nina deni la kikundi na watoto wa shule.

Tunachoomba ni hiki:

a) Orodha ya walengwa wa TASAF na ya vikundi vilivyopata mkopo wa asilimia 10, jina la kikundi na kiasi, ibandikwe kwenye ubao wa kila ofisi ya mtaa na kijiji, na ibaki pale.

b) Madiwani na wakurugenzi, bajeti ijayo iwe na fungu la kufidia vituo vya afya kwa wagonjwa wa msamaha, lionekane kwa jina lake, tulisome.

c) Kila geti la ushuru liwe na bango kubwa linalosema kisichotozwa, pamoja na namba ya simu ya kulalamika inayopokelewa.

d) Mizani iwekwe Isyonje na Ilembo msimu wa viazi, na gunia la lumbesa lizuiwe kwenye fuso kwa mnunuzi, mkulima asisumbuliwe shambani.

e) Wabunge, mtakapokaa kwenye bajeti, ulizeni kwa sauti lile deni la kabla ya 1999 limebaki kiasi gani na linaisha kulipwa mwaka gani, na jibu mtuletee mkutanoni huku.

f) Mpaka ukitaka kufungwa, mwenye mzigo ambao tayari uko njiani aruhusiwe kuuvusha.

g) Yule kiongozi, na wengine wenye maneno kama yake, warudi kwenye mikutano ile ile wawaombe radhi wazee na walengwa mbele ya watu wale wale.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla kikao cha bajeti hakijaanza mwezi wa nne. Tuko Uyole sokoni kila siku isipokuwa Jumapili, na ofisi ya mtaa wanatujua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kikundi cha akina mama wauza viazi,
Uyole, Mbeya.

Nakala: Wenyeviti wa mitaa yote ya Uyole, na wastaafu wote wa kanda yetu.